Damu ya Nguvu Mpakani

Jumanne nilipanga mstari kwenye ndoo ya kunawia mikono hapa mpakani, upande wa Kamembe, nikivuka kwenda Bukavu. Papa mmoja, mzee mwenye kofia ya ngozi, aliipita ndoo akiinua kidevu.

"Hii maji ni ya bantu bazaifu," alitutangazia. "Ndugu yangu alipata mpox, tulilala kitanda kimoja wiki mbili, ata kipele kimoja sikupata. Sisi tuko na damu ya nguvu."

Kando ya ndoo kulikuwa na meza ya watafiti. Dada mwenye koti jeupe akasimama, macho yakimng'aa.

"Papa, ni wewe tunatafuta! Tunachunguza kwa nini watu wengine hukaa na mgonjwa wasiambukizwe. Tunaomba damu kidogo tu, kichupa kimoja."

Papa aliitazama sindano. Mkono wake uliingia mfukoni ukakaa humo.

"Ile kitanda," alisema polepole, "yeye alilala Bukavu. Miye nilikuwa Kamembe. Tulikuwa tunaongea ku telefoni."

Mstari mzima ulicheka, isipokuwa mke wake aliyesimama nyuma yake. Alitua beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, akapandisha mkono wa blauzi hadi begani.

"Chukua yangu. Ni miye nilikuwa namuosha ule mgonjwa."

Kichupa kilipojaa, papa alitoa mkono mfukoni akakinyooshea kidole. "Munaona? Nilibaambia: tuko na damu ya nguvu!"

Watafiti wanatafuta mwili ambao kirusi hakiupenyi. Waupime uso wa papa yule: hata aibu haikupata pa kupita.