Kromosomu Mbili za Jirani

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilitaka kuupa mnavu jina la mama yangu. Usicheke. Nilikuwa kijana, nimemaliza chuo juzi tu, na mama alikuwa mgonjwa kule Gulwe. Mnavu wa uani kwake ulizaa matunda ya rangi ya chungwa, manono kuliko yote niliyowahi kuyaona. Nikajiambia huu ni aina mpya, nami nitauandika kwa jina lake kabla hajafumba macho.

Ukoo wa mnavu ni mkubwa, nyanya na bilinganya ni nduguze, na minavu yenyewe ina aina zinazofanana mno kwa macho. Ndiyo maana kwenye maabara nilikofanya kazi tulikata ncha za mizizi ya ule wa mama, tukazitia rangi, tukazibonyeza chini ya kioo chembamba, kisha tukahesabu kromosomu, vile vijiti vidogo vinavyobeba urithi wa mmea. Mnavu wa matunda ya chungwa unaojulikana una arobaini na nane. Mimi nikahesabu hamsini. Nililia kwa furaha, mwanangu.

Bi Zarina, mkuu wetu wa maabara, mama wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa Dodoma, aliinamia hadubini yangu akahesabu mwenyewe.

"Binti, ukoo huu huenda kwa mafungu ya kumi na mbili. Hamsini umeitoa wapi? Hizi mbili za pembeni ni za seli ya jirani. Umebonyeza kwa nguvu, imepasuka."

"Lakini Bi Zarina, mama yangu..."

"Najua. Mapenzi yapeleke nyumbani. Hapa niletee ulichokiona."

Nilirudia kwa mizizi mingine, tena na tena. Arobaini na nane kila mara. Nikapanda treni kwenda Gulwe, moyo mzito, nikamweleza mama yote. Alicheka hadi kikohozi kikamshika.

"Kumbe ni mnavu tu? Basi kauchume, utie karanga, tule."

Tukala. Ndiyo mboga ya mwisho niliyompikia.

Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi, hata akidanganya kwa upendo. Unapohesabu, hesabu kilichopo. Na unapompenda mtu, funga safari ukamwone angali hai. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania maabara nikitafuta jina la kumpa mama, na yeye alikuwa ananingoja mimi. Mungu akupe macho ya kweli, mwanangu, na akuwahishe nyumbani.