Seva ilipokataa kuiona folda ya mashairi ya Ya Mado

Ga-ga-ga-ga! Magurudumu ya valizi, sanduku la safari, kwenye simenti ya varanda, kabla sijamwona mtu.

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Ninayowasimulia yamenikuta mwenyewe, juzi tu.

Valizi ilikuwa ya Ya Mado, dada mkubwa (ndiyo maana ya hilo 'Ya') wa kikundi chetu cha waandishi hapa mtaa wa Hewa Bora. Alikuwa anahamia Kilwa, ile ya kwetu Katanga, si ya Tanzania, kufundisha.

Sisi intaneti hatuitegemei. Tuna seva ya Apache kwenye laptop yangu: ukiingia chumbani unaunganisha simu kwa wifi, unasoma kazi zetu. Skripti, yaani programu ndogo zinazoonyesha kazi hizo, zote zilikaa folda moja. Lakini Ya Mado aliandika yake mwenyewe, inayomchagulia kila msomaji shairi moja, na hakutaka ikae na zetu.

"Petit, mashairi yangu haitalala pamoja na hadithi zako za bantu banalia tu! Ikikosa nyumba yake, unafuta yote, nabeba clé yangu, naenda."

Petit ni mimi, mdogo wake; clé ni ile flash iliyokuwa imening'inia shingoni mwake. Nikaihamishia skripti kwenye folda yake, kisha nikaandika kwenye konfigi, faili la mipangilio ya seva, anwani kushoto na folda yake kulia:

ScriptAlias /cgi-bin/ /srv/wote/
ScriptAlias /cgi-bin/mado/ /srv/mado/

Mmeliona kosa? Mimi sikuliona. Jioni zetu za kusoma tunasalimia kwanza kikundi kizima, halafu mtu mmoja mmoja. Basi nikaweka ya wote juu, ya Ya Mado chini. Adabu kabisa!

404: ukurasa haupatikani.

Ruhusa nimetoa. ExecCGI, kibali cha kuendesha skripti, ipo. Seva nimeiwasha upya. 404 tena! Nje, dereva wa jipu ya Kilwa anapiga honi.

"Serveur yako iko na wivu," Ya Mado akacheka, lakini mkono ulikuwa tayari kwenye mpini wa valizi. "Futa, petit. Jipu haitaningoya."

Kidole kikagoma. Nikafungua error log, daftari la makosa, na hapo nikaona: seva ilikuwa inaitafuta skripti yake kwenye /srv/wote/mado/, ndani ya nyumba ya watu wote!

Kumbe inasoma mistari kutoka juu kwenda chini, na wa kwanza unaolingana unatosha. Haifiki chini. Nikaupandisha mstari wa Ya Mado juu, nikawasha upya.

"Inatoka! Eh, mama, inatoka!" Ya Mado akapaza sauti.

Kwenye simu yake likafunguka shairi la mvua ya kwanza juu ya mabati. Akalisoma kimya, midomo ikitembea, kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

Wakuu, nilichojifunza: njia mahususi iandikeni kabla ya ile ya jumla. Na ninyi, seva iliwahi kuwaficha nini? Mwageni hapa chini, kila jibu nitalisoma.

Honi ikalia tena. Ya Mado akairudisha clé ndani ya blauzi.

"Usifute kitu, weye. Unilindie nyumba."

Ga-ga-ga-ga. Mlango ukafungwa nyuma yake.