Kinanda Kilichoanikwa na Kakao

Sabuni ya kipande ina harufu yake, na kakao inayokauka juani ina yake, ile ya uchachu unaokaribia kuwa pombe. Zikikutana hizo mbili mimi hucheka peke yangu, hata nikiwa kwenye foleni ya benki, na watu husogea mbali nami. Zilikutana nyumbani kwetu Bujonde, wiki ya kuelekea Pasaka, na katikati yake kilikuwa kimelala kinanda cha kanisa.

Kinanda kilikaa kwetu kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, na pia kwa sababu paa la kanisa lilivuja, na mvua ya Kyela mnaijua, haibishi hodi. Kilikuwa cha umeme, cheusi, kirefu kuliko mimi, kimefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho Mama alikifua kila wiki. Mama alikuwa mwenyekiti wa usafi wa akina mama kanisani, na cheo kile alirudi nacho nyumbani kila siku. Uwanja wetu ulifagiliwa kabla kuku hawajaamka, masufuria yalisuguliwa kwa majivu mpaka ukaona meno yako, na mgeni akisalimu "Ugonile" mlangoni alitazamwa miguu kwanza ndipo akaitikiwa.

Kazi ya kukisafisha kinanda, hata hivyo, ilikuwa ya Baba, kila Jumamosi, na alikuwa na maneno yake yaleyale: "Zima, chomoa, kitambaa kikavu." Alizima, akachomoa waya ukutani, akapitisha brashi laini kati ya vibao kutoa vumbi, kisha kitambaa. Penye doa sugu alilowesha ncha tu ya kitambaa, akaikamua mpaka isitoe hata tone, akafuta kibao kimoja kimoja na kukikausha papo hapo. Alituonya kwamba ndani mna nyaya, na nyaya na maji haviongei. Mama alimtazama kutoka jikoni kwa huruma kabisa.

"Huko ni kuupapasa uchafu, Baba Atu," alisema. "Uchafu haupapaswi."

Ulikuwa msimu wa kuvunja kakao. Wanakwaya walikuja mazoezini moja kwa moja kutoka shambani, na vidole vyao vilikuwa na ule utelezi mtamu wa kakao ambao ukikauka hunata kama gundi. Kila aliyepita alikibonyeza kinanda kidogo, kujaribu tu. Ndipo siku moja, mchungaji akiwa katikati ya sala ya kufunga mazoezi, kibao kimoja kikanata chini na kuanza kulia. Mchungaji akapandisha sauti. Kibao hakikujali. Ikaja Amina, na baada ya Amina kinanda kikaendelea chenyewe, mpaka Baba alipokikwanyua kwa ukucha.

"Si kinaishi kwa Mama Atu?" mtu akanong'ona nyuma, na Mama akasikia. Kwaya ya ndugu zetu wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa inakuja kuimba nasi Pasaka. Nakumbuka tulivyorudi nyumbani Mama akiwa kimya, na kwetu kimya cha Mama kilikuwa habari mbaya kuliko kiboko.

Asubuhi yake Baba alipanda baiskeli kwenda Kyela mjini kutafuta waya wa spika. Alipopotea tu nyuma ya migomba, Mama akabandika maji ya moto. Kinanda kilisimamishwa kwenye karai la kufulia kama mtoto mkaidi. Akakisugua kwa dodoki na sabuni, mbele, nyuma na kwapani, na maji ya kahawia yalipotoka akatuita tuone.

"Baba yenu alikuwa anampapasa huyu!"

Akakisuuza, akakipeleka kwenye chanja. Tukasukuma kakao pembeni kukipatia nafasi, kikalazwa kifudifudi kwanza ili kichuruzike. "Anayegeuza kakao ageuze na kinanda," akaagiza, na sisi watoto watiifu tukageuza: kakao, kinanda, kakao, kinanda.

Mchana wingu likatoka upande wa ziwa. Kwetu wingu likionekana hakuna mjadala, Mama hupaza sauti "Kakao!" na kila mtu hukimbia. Tulikuwa tunakunja mikeka kwa fujo wakati Baba alipoingia na baiskeli, waya mpya umening'inia shingoni. Aliitazama kakao. Kisha akaona kile cheusi kilichobaki chanjani. Baiskeli ilianguka yenyewe. Alikikumbatia kinanda, akakikimbiza ndani, na maji yenye povu yakamtiririkia shati lote.

"Mama Atu," alisema.

"Nimekiosha," Mama akajibu, bado ana fahari. "Kilikuwa na taka, Baba Atu, usingeamini."

"Naamini."

Akakiinamisha. Maji yakatoka. Akakiinamisha upande wa pili, yakatoka tena. Mama akayatazama maji yakitandaa sakafuni, na fahari ikamwisha usoni. Akaketi kizingitini. Sikuwahi kumwona Mama ameketi mchana.

"Nimekiua?" aliuliza. "Wageni wanakuja. Kanisa lote litajua ni mimi." Nilimwogopea sana.

Baba hakumgombeza. Alichukua bisibisi, akakifungua, akafuta ndani kwa khanga iliyochakaa. Mama, aliyekuwa amewahi kuiponya simu yake iliyotumbukia ndooni, akaja na mchele, ule wetu wa kunukia, kikapu kizima. Baba alifungua mdomo kukataa, akamtazama usoni, akafunga mdomo. "Lete," akasema. Kinanda kikalala ndani ya mchele mpaka Pasaka.

Jumapili kanisa lilijaa, wageni mbele, sare zao za buluu. Mama alisimama mstari wa kwanza wa soprano, amefumba macho. Baba akachomeka, akawasha, na taa ndogo nyekundu ikawaka. Vitufe vya juu ya vibao, vile vya kubadilishia milio na kupandisha au kushusha sauti, karibu vyote vilikuwa vimekufa. Akapitisha vidole kwenye vibao taratibu, uso wake hauonyeshi kitu, kisha akatugeukia.

"Do ni D."

Watu wakatazamana. Wimbo wa Pasaka tuliuimba do ikiwa C tangu tuzaliwe, na D ni hatua nzima juu yake. Lakini tukapanda, na kila Baba alipopiga besi, punje za mchele zilizobaki ndani ziliruka, chwa, chwa, chwa. Mgeni mmoja aliuliza baadaye ni chombo gani kile. "Ni mtindo wetu wa huku," Baba akajibu. Mama aliimba mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanamtiririka, na wageni wakaamini ni Roho.

Tangu siku hiyo hatukushuka tena. Nyimbo zilizoimbwa chini zikapandishwa, na Mama alilalamika miaka yote. "Mwe! Baba Atu anataka tufike mbinguni kwa Kyala kabla hatujaitwa!" Baba alicheka tu.

Nilipokua nikaenda Mbeya, nikajiunga na kwaya. Siku ya kwanza nilipoanzisha wimbo wenzangu wote walinyamaza, na mwalimu akaniuliza aliyenipeleka huko juu ni nani. Nikarudi likizo na swali hilo. Jumamosi nikakisafisha kile kinanda cha zamani: nikazima, nikachomoa, nikatumia kitambaa kikavu. Kisha nikakiwasha, nikaupiga wimbo ule kwa C. Kibao kimoja cheupe, katikati kabisa, hakikulia. Nikaupiga kwa D. Kibao kile hakikuguswa hata mara moja.

Hapo nikaelewa. Miaka yote ile Baba alikuwa akikizunguka, wimbo baada ya wimbo, ili Mama asije akasikia alichokiua. Na lawama za sauti ya juu akazichukua zote yeye.

Krismasi iliyopita niliwaletea kinanda kipya. Baba akakaa, akakunjua vidole. "Do ni D," akasema.

"Mwe! Bado huko juu?" Mama akalalama.

Nikamwinamia sikioni. "Baba, hiki kina vibao vyote."

"Najua, mwanangu," akaninong'oneza. "Lakini nikishusha leo, mama yako ataniuliza kwa nini siku zote sikushusha."

Mama akavuta pumzi, akapanda.