Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Muthoka alichonga mawe kwenye machimbo ya Mlolongo mpaka siku gema lilipomporomokea na kumvunja nyonga. Madaktari walimtia vyuma, wakamrudisha kijijini kwake Kola akitembea kwa magongo. Mifupa iliunga vizuri. Kilichogoma ni kibofu. Mkojo ulimtoka bila yeye kujua, na alipojaribu kukojoa mwenyewe ulidondoka kidogo ukakatika.

Hakumwambia mtu. Mkewe, Kamanthe, aliambiwa tu kwamba kitanda chao kinaumiza mgongo. Muthoka akahamia chumba cha mahindi, akawa anajifulia nguo kabla hakujakucha. Kamanthe akaamua kuna mwanamke mahali. Mumewe alikuwa mtu wa magongo mawili, lakini wivu hauna habari na magongo.

Daktari wa mifupa, aliyemkuta amelowa siku ya kupimwa nyonga, ndiye aliyemtuma kliniki ya mkojo, mjini Machakos. Alimweleza wazi kwamba mkojo ukibaki ndani utamharibia figo, kwa hiyo ajibu kila swali kwa ukweli. Muthoka alijipa moyo. Kisha pazia likafunguliwa, akatokea Kaluki, mdogo wa mama yake Kamanthe, amevaa sare ya muuguzi.

Kwa Wakamba huyo ni mama mkwe, na mbele ya mama mkwe kuna nthoni, ile heshima ya aibu inayomfanya mwanamume apishe njia wasikutane, sembuse kutaja mkojo. Muuguzi mwingine hakuwapo siku hiyo.

"Unakojoa vizuri?" Kaluki aliuliza akitazama dirisha.

"Niko sawa kabisa, mama."

"Unasikia mkojo ukikuja?"

"Nasikia sana."

Akatumwa chooni akajikamue amalize. Aliporudi akapitishiwa mashine ya picha tumboni, na picha ikaonyesha kibofu bado kimejaa. Kaluki hakubishana na mkwe. Alitoka akamwita Kamanthe, aliyemsindikiza mumewe akidhani ni kliniki ya nyonga na kuachwa angoje nje, akamketisha kando ya kitanda, yeye akasimama nyuma ya pazia.

"Kamanthe, muulize bwana yako kama anasikia mkojo ukikuja. Akujibu wewe. Mimi siko hapa."

Kamanthe akauliza. Muthoka akaikodolea macho dari. Aliuogopa uso wa mkewe kuliko alivyoogopa habari za figo.

"Sisikii," akasema. "Najipata tu nimelowa."

"Anasema hasikii, mama. Anajipata amelowa."

"Hata usiku?" pazia likauliza.

"Hata usiku. Ndio maana nilihama."

Hilo Kamanthe hakulipeleka nyuma ya pazia. Hasira na nafuu vilimpanda pamoja, akashindwa kuchagua.

"Miezi yote hii nafikiria uko na mtu!"

"Niko na mkojo, Kamanthe."

Kaluki akakohoa. Akaeleza kwamba neva za kibofu ziliumia pamoja na nyonga, na huenda zikapona au zisipone. Kwa sasa mkojo ungetolewa kwa mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku, na baadaye Muthoka angejifunza kujiwekea mwenyewe. Lakini mara ya kwanza ulihitajika mkono wa mtu mwingine, na mkono huo haungeweza kuwa wa mama mkwe.

Kamanthe akanawa, akavaa glavu, akafungua pakiti ya mpira.

"Nimeshika, mama."

"Mwambie apumue polepole."

"Pumua," Kamanthe akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ajali, Muthoka akamwacha mkewe amguse.