Muuza Nyama Ageuza Neno

Muuza nyama wa mtaani kwetu huja darasa la kompyuta mikono ikinukia sabuni, na hubonyeza kila kitufe kwa kidole kimoja kinene, taratibu, kana kwamba kitamng'ata. Jana alikuwa akiandika programu ndogo ya kugeuza maneno, herufi zianzie ya mwisho hadi ya kwanza. Akaijaribu kwa neno "ini". Ikatoka "ini". Akafuta kazi yote, akaandika upya. "Ini" tena. Jasho likamtoka.

"Dada, mashine hii imenikataa," akaninong'oneza mimi niliyeketi kando yake.

"Hebu jaribu 'nyama', kaka."

Ikatoka "amayn". Akalirudia lile "ini", akalisoma kinyumenyume, herufi baada ya herufi. "Kumbe nimefuta kazi nzuri kwa mkono wangu mwenyewe!" Akacheka hadi mwalimu akaacha somo, akaja kutazama.