Maziwa Yasiyoganda

Kazini walimwita Bi Ndoo, na jina likamkaa, maana kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumkuta mikono mitupu katika banda la ndama. Alikuwa mlishaji kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Hali ya kila ndama aliisoma kwenye kinyesi chake, na habari hizo alizisimulia hata mezani, mpaka mumewe akamwomba angalau amsubiri ameze.

Mwaka huo Daktari, mtafiti mkuu, alileta jaribio jipya. Ndama kumi na wawili wenye hereni za bluu wangenyweshwa maziwa ya ng'ombe. Kumi na wawili wenye hereni za njano wangepewa maziwa ya unga, kisha ionekane ni kundi lipi litakomaa matumbo mapema na kuanza kula majani. Wiki ya pili haijaisha, wa njano wakaanza kuhara. Bi Ndoo aliandika kwenye daftari, akaenda kumwambia Daktari, akajibiwa kuwa ni mapema mno kusema lolote. Akafa mmoja. Wakafuata wawili. Siku alipokufa wa nne, Bi Ndoo aliitwa ofisini akapewa barua ya onyo: ndama wamekufa kwa uchafu wa vyombo, atie sahihi hapo chini.

Uchafu, yeye aliyesugua ndoo zile kwa maji ya moto mpaka vidole vikamchubuka?

"Daktari, ndoo ni zile zile, maji ni yale yale, na mikono ni hii hii," alisema. "Uchafu wangu unachagua rangi ya hereni?"

Daktari hakuinua hata macho kwenye kompyuta. Alisema mambo ya kitaalamu awaachie wataalamu. Bi Ndoo akaiacha kalamu pale mezani, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja maabara kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye asubuhi hiyo ndiye aliyempasua yule ndama wa nne kutafuta kilichomuua. Shemeji alimweleza kwamba tumbo la nne, ambamo maziwa hutakiwa kuganda kwanza ndipo yasagike taratibu, lilikuwa na maji meupe tu. Alikwisha kuripoti, akaambiwa asubiri. Bi Ndoo akamuuliza kama kuna mtu aliyejaribu kuona iwapo unga ule unaganda. Shemeji akajikuna kichwa. Hakuna.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko barua. Ndama wanne wamezikwa, jina la mtu limepakwa tope, na katika jengo zima la wasomi hakuna aliyetoa robo saa.

Robo saa hiyo wakaitoa wao. Walipasha maziwa ya ng'ombe kwenye glasi moja na ya unga kwenye nyingine, yakafikia joto la mwili, wakatia matone ya dawa ya kugandishia jibini. Ya ng'ombe yakashikana kama yai la kuchemsha. Ya unga yakabaki maji.

Bi Ndoo akazibeba glasi zote mbili hadi kwa mkurugenzi, akamkuta Daktari amekwisha kukaa. Hakusubiri kukaribishwa kiti. Aliigeuza ya kwanza juu chini, juu ya meza. Mkurugenzi akakurupuka kuokoa makaratasi yake, lakini halikudondoka tone.

"Hii ya pili igeuze wewe, Daktari."

Daktari hakuipokea.

Unga ulisimamishwa siku hiyo hiyo. Baadaye ikajulikana kwamba uliunguzwa kiwandani ulipokuwa ukikaushwa. Ndama wanane waliobaki walipona, ingawa wawili walidumaa. Katika ripoti Daktari aliandika kwamba "ilibainika". Nani alibaini, hakusema. Walioshukuriwa walikuwa wengi, hadi dereva. Bi Ndoo hakuwemo.

Hilo angelimeza. Lakini alipoomba barua ya onyo iondolewe, aliambiwa barua ikishatolewa hairudishwi, ila asiwe na wasiwasi, imepitwa na wakati.

Akaenda nyumbani akaandika yake, kurasa mbili kwa mkono wake, na tarehe ya kifo cha kila ndama. Kesho yake aliipeleka masijala, akataka iwekwe kwenye faili lake, juu ya ile nyingine. Karani akamwambia aiache tu, ataishughulikia.

"Piga muhuri, mwanangu, nikiona," alisema Bi Ndoo, akabaki amesimama hapo dirishani mpaka ulipopigwa.