Namba ya simu iliyozikwa pamoja na mwimbaji wa Nabanga

Saa moja na nusu asubuhi, meli ya watalii imeshafunga gatini Port Vila, mji mkuu wa nchi hii ya visiwa, na Leisau Kaltak bado anakaza nyuzi za ukulele yake. Ameketi juu ya kreti la soda. Kando yake wifi yake, Leimas, anajaribu gita. Nyuma yao mjomba Kaltapau anasimamisha besi, yaani sanduku la mbao, fimbo ndefu na uzi mmoja.

Mbele yao kuna beseni la bluu. Leisau anatia humo sarafu mbili za kwake mwenyewe ili lisionekane tupu.

Wageni wanaanza kuteremka, na watatu hao wanaimba. Ni wimbo ambao kila mtu kisiwani Efate anaujua. Lakini kila wakifika kwenye kiitikio, pana mahali ambapo sauti nyembamba ya mwanamume ilitakiwa kuingia, nayo haiingii. Hakuna anayeijaza nafasi hiyo. Nyuzi zinaendelea peke yake kidogo, kisha wanawake wanarudi.

Watalii hawagundui kitu. Wanaogundua ni akina mama wanaouza shanga na magauni upande wa pili wa njia.

"Leisau! Toa sauti, mwenzetu! Wageni wanadhani unawanong'oneza siri!" anapaza mmoja wao.

"Nikiitoa utakimbia wewe," anajibu Leisau bila kuacha kupiga.

"Nikimbilie wapi na goti hili?"

Wanacheka, na wimbo unaendelea. Meli inapoita abiria wake mchana, beseni lina fedha, vatu elfu mbili na mia nane. Zitagawanywa kwa watu watatu, na nauli ya kurudi kijijini bado haijatolewa.

Leisau ana miaka thelathini na minne na watoto watatu. Hajui kazi nyingine. "Bustani ninalima kama kila mtu," anasema. "Lakini viazi vikuu havilipi ada."

Miaka michache nyuma, bendi yao ya Nabanga ilikuwa na watu saba, na mtu wa mbele alikuwa mumewe, Kalmet. Hawakuwa na kampuni wala meneja. Walirekodi nyimbo zao mchana mmoja, katika chumba ambacho magodoro yamepigiliwa ukutani, wakaziweka kwenye flashi na kuziuza sokoni.

Waliuza flashi kumi na moja. Baada ya hapo nyimbo zilijisafirisha zenyewe, kutoka simu hadi simu, kwenye mabasi na kwenye meli za mizigo. Wiki tatu baadaye zilikuwa zinapigwa visiwani Santo na Tanna, na Nabanga hawakupata hata vatu moja zaidi.

Wanamuziki wengi wa visiwani hukasirika hapo. Kalmet hakukasirika. Alirudi kwenye chumba cha magodoro akaurekodi upya kila wimbo, na safari hii, gita likianza, akaongea juu yake: "Hii ni Nabanga. Ukiupenda wimbo, nakili. Ukitupenda sisi, tupigie." Kisha akataja namba yake ya simu, taratibu, tarakimu moja moja, akifuata mapigo.

"Nilimwambia unaharibu wimbo," Leisau anakumbuka. "Akaniambia, 'Mama Lili, wimbo hauli. Wanaokula ni sisi.'"

Watu waliishika namba ile kama sehemu ya wimbo. Watoto waliiimba wakiruka kamba. Mialiko ikaanza kuingia: harusi Tongoa, harambee ya shule Malakula, ufunguzi wa kanisa Santo. Mwezi mzuri waliitwa mara nne, na kila mwaliko ulilipa vatu elfu thelathini, nauli, na paja la nguruwe la kurudi nalo nyumbani. Kwa fedha hizo Lili, binti yao mkubwa, alipelekwa sekondari ya bweni.

Mwezi wa Mei mwaka juzi, Kalmet alilalamika kichwa kinamuuma. Aliomba maji, akalala. Asubuhi hakuamka. Alikuwa na miaka thelathini na nane.

Alizikwa kama watu wa kwao wanavyozika. Dada zake walimfunika kwa mikeka mipya na vitambaa vya maua. Wakamwekea shati lake la jukwaani. Kisha mama yake, bibi Leitare, akainama juu ya jeneza na kuiweka simu chini ya kiganja cha mwanawe.

"Mwanangu alikuwa hatulii bila simu," anasema bibi huyo. "Nikaona asiende mpweke."

Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema neno.

"Nani angesema?" anauliza Leisau. "Na mimi niliona ni vizuri. Niliirekebisha kidogo, ikae sawa mkononi."

Jioni ile Leimas alikwenda nyuma ya jiko akampigia kaka yake. Simu iliita mpaka ikakata yenyewe.

"Nilijua haipokelewi," anasema. "Nilitaka tu isikike inaita. Kesho yake nikapiga tena, ikawa imezima."

Magita yalifungwa kwenye mikeka yakatundikwa darini. Wanaume wakaacha kunyoa ndevu. Msiba wa mtu mzima hapa hukaa siku mia, na katika siku hizo hakuna muziki kijijini, wala mjane hatoki kwenda mjini. Leisau alikaa. Siku ya mia walichinja nguruwe, wakapika laplap ya viazi vikuu vilivyokunwa, wanaume wakanyoa, na magita yakateremshwa.

Siku iliyofuata Leisau alipanda gari kwenda Port Vila, kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Alitaka laini mpya yenye namba ileile. Msichana wa dirishani aliangalia kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Anti, namba hii haikutumika siku tisini. Imeshapewa mtu mwingine."

"Nani?"

"Siruhusiwi kusema. Ungekuja wiki mbili zilizopita tu, ningekupa."

"Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa mume wangu, mwanangu."

Msichana yule ni wa kisiwa cha Ambae, ambako nako msiba hukaa siku mia. Hakuhitaji kuelezwa. Aliinuka akaingia ndani kumwomba mkubwa wake, akarudi macho mekundu. Kwenye mashine hapakuwa na mahali pa kuandika msiba.

Nje ya ofisi, Leisau aliazima simu akaipiga namba ya mumewe. Ilipokewa mara moja.

"Kama unataka bendi, hapa hakuna bendi!" sauti nzito ilifoka. "Mimi nauza kava! Ukitaka kava njoo, ukitaka kuimbiwa kamwambie mama yako!"

Leisau akaanza kulia.

"Haya, nani wewe? Usinililie. Kila siku wananililia."

"Mimi ni mke wake," alisema.

Mwanamume huyo anaitwa Nakou, mtu wa Tanna aliyehamia Luganville, kisiwani Santo, ambako ana banda la kava, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, karibu na soko. Alinunua laini kama mtu yeyote anavyonunua. Siku ya kwanza alipigiwa na watu saba, wote wakimwita Kalmet.

"Samahani sana, dada," alisema. "Mimi sikujua kama huyo mtu ana mke. Nilijua ana wateja tu."

Leisau alimwomba amuuzie namba. Nakou alikataa. Alikuwa ameshaichora kwa rangi kwenye ubao wa banda lake, na wateja wake wameizoea. Lakini hakukata simu.

"Mwanzoni nilikuwa nawatukana," alimwambia. "Halafu mama mmoja wa Malakula akapiga, nikamtukana, akasema alitaka bendi kwa harusi ya mwanawe. Jioni wateja wangu wakaniambia huyo mtu amekufa. Nikampigia yule mama nikamwambia. Akalia kama kafiwa yeye. Tangu hapo nawaambia wote. Dada, mimi nimeshasema 'Kalmet amefariki' mara nyingi kuliko nyinyi ndugu zake."

Hilo lilikuwa kweli. Kijijini hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mialiko ilikufa. Wanabendi wawili wakaenda kuchuma matofaa New Zealand, wa tatu akajiunga na bendi nyingine. Leisau alijaribu kubandika sokoni karatasi zenye namba yake mpya na kuomba jamaa wamtangaze kwenye simu zao. Watu walisoma, wakasikitika, wakasahau. Namba waliyoijua ni moja, nayo bado inasafiri: kila wimbo wa Nabanga unaonakiliwa hata leo unamtangaza muuza kava wa Luganville.

Mwishoni mwa mwaka jana shule ya Lili ilimwambia asirudi Februari kama ada haijakamilika. Leisau aliona imebaki njia moja: kurekodi nyimbo zile upya, na namba mpya mwanzoni, ili zianze kusafiri badala ya zile za zamani.

Alikwenda kwa Tabi, mwenye chumba cha magodoro, akamuuliza kama anaweza kubadilisha namba tu na kuacha mengine.

"Haiwezekani, shemeji," Tabi alimjibu. "Niliwarekodi wote kwa maikrofoni moja. Kalmet yumo kila mahali, kama chumvi kwenye supu. Nikimtoa, nimemwaga supu."

Maana yake waimbe upya bila yeye. Na hilo lilihitaji ruhusa ya bibi Leitare, kwa sababu sauti ya mtoto ni ya mama yake kabla haijawa ya mtu mwingine.

Bibi huyo husikiliza nyimbo za mwanawe kila jioni akikuna nazi. Haziachi ziishe. Akishasikia maneno ya mwanzo, hurudisha nyuma.

"Kwenye kuimba, hiyo ni sauti ya watu wote," alimwambia mkwewe. "Pale anapotaja namba ndipo anapoongea kama alivyokuwa akiongea na mimi hapa jikoni. Sasa unataka watu wapate zisizo na yeye?"

"Mama, wewe utabaki na zako. Sifuti."

"Nimesikia. Lakini huko nje ataanza kutoweka."

"Ataanza, mama."

Bibi alikuna nazi mpaka ikaisha. Siku tatu hakuongea na Leisau zaidi ya salamu. Siku ya nne alimtuma Leimas na ujumbe: Lili akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, Kalmet angechukia zaidi kuliko kutoweka; wakarekodi.

Mwezi uliopita walikwenda kwa Tabi: Leisau, Leimas na mjomba Kaltapau. Kijana mmoja wa ukoo alijitolea kuijaza ile sauti nyembamba. Anaiweza. Leisau alimshukuru, akamwambia bado.

Walianza na wimbo unaojulikana zaidi. Leimas akapiga gita, Leisau akasogea kwenye maikrofoni, akasema: "Hii ni Nabanga. Ukiupenda wimbo, nakili. Ukitupenda sisi, tupigie." Akaanza kutaja namba.

Tabi alisimamisha mashine.

"Shemeji. Hiyo ni ya kaka."

"Samahani. Tuanze tena."

Wakaanza tena, na tena akataja namba ya mumewe, yote, mpaka mwisho, ikifuata mapigo. Mara ya tatu vilevile. Mjomba Kaltapau akaegemeza besi ukutani akatoka nje kuvuta sigara, ingawa havuti sigara.

"Wifi, niiseme mimi?" aliuliza Leimas.

"Hapana. Wewe ndiyo utavurunda zaidi."

Walicheka, wakalia kidogo, wakacheka tena. Leisau aliandika namba mpya kwenye kiganja kwa kalamu ya Tabi. Akaisoma kutoka mkononi, polepole, nje ya mapigo. Namba mpya haikai vizuri kwenye wimbo ule. Inazidi silabi moja pale gita linapogeuka. Waliiacha hivyo hivyo.

Nakala za kwanza zilipelekwa Santo na baharia wa meli ya mizigo, moja ikiwa ya Nakou. Alikubali kuupiga wimbo bandani kwake kila jioni na kumpa namba mpya kila atakayempigia.

"Ila mimi siuzi kitu kibovu," alimwonya Leisau. "Nimeusikiliza. Ni mzuri. Una tundu katikati, lakini ni mzuri."

Leisau hesabu yake ni hii: akialikwa mara mbili kwa mwezi, Lili atamaliza kidato chake. Akialikwa mara tatu, atamrudisha mwanabendi mmoja kutoka New Zealand. Zaidi ya hapo hajathubutu kuhesabu. Anaogopa pia siku ambayo watoto watajua namba yake mpya tu, wasiijue ya Kalmet.

Alhamisi, wiki mbili baada ya nakala kutoka, alikuwa shambani simu ilipolia. Namba hakuijua. Alifuta udongo mikononi akapokea.

"Nabanga?" iliuliza sauti ya mwanamume mzee. "Mimi niko Ambrym. Nataka kuongea na Kalmet."

Leisau alikaa chini palepale, kwenye tuta.

"Baba, Kalmet amefariki," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka maneno hayo kwa mtu asiyejua. "Mimi ni mke wake."

Leisau alisikia jogoo akiwika huko Ambrym, na mtu akipasua kuni.

"Pole, mwanangu. Sikusikia. Huku habari hufika zimechoka. Binti yangu anaolewa mwezi wa nane. Aliniambia hataki bendi nyingine. Sasa sijui nimwambie nini."

"Mwambie tutakuja," alisema Leisau. "Tuko watatu. Tarehe ngapi, baba?"